Likizo ya Muasya

Muasya alipochukua likizo mwaka wa 1979, aliwaambia wenzake wa kampuni ya umeme kwamba anakwenda Machakos kumjengea mama yake choo. Hakwenda popote. Asubuhi iliyofuata alitoka nyumbani kwake mtaa wa Jericho, Nairobi, na kufikia saa tatu alikuwa juu ya nguzo ya umeme mtaa wa Lucky Summer, akimfanyia kazi kontrakta Mbuthia.

Barua ya kuacha kazi alikuwa nayo mfukoni. Kampuni ilikuwa na pensheni na matibabu. Mbuthia alilipa maradufu. Lakini kampuni ilimfuta kazi mtu yeyote aliyepatikana akimfanyia mwingine kazi. Muasya akajipa mwezi mmoja wa kuonja kwa siri, kisha aamue.

Kampuni ilikuwa imemzoesha hivi: kabla ya kurudisha fyuzi kwenye transfoma, unaita kila fundi kwa jina, naye anaitika akiwa chini. Siku ya kwanza aliita. Vijana wa Mbuthia wakashika mbavu kwa kicheko.

"Mwalimu wa Sande skuli anaita rejista!"

"Niko, tichaaa!"

"Wee Muasya," Mbuthia akasema, "hapa tunalipwa kwa nguzo, si kwa sala."

Masikio yakamwaka moto. Wiki ya pili hakuita. Alihesabu vichwa kimyakimya. Wiki ya nne hata kuhesabu aliacha. Mbuthia alipiga honi ya kuwahimiza, naye Muasya akarudisha fyuzi upesi ili aonekane mwepesi kama wengine.

Nyuma ya ghorofa, ambapo hakuna aliyemwona, Nalianya, mmoja wa vijana wa Mbuthia, alikuwa bado juu ya nguzo akikaza waya. Umeme ukampiga.

Muasya ndiye aliyepanda na kumshusha. Nalianya aliishi, ila mkono wa kulia ulikatwa. Mbuthia akasema hamjui mtu wa jina hilo.

Hospitalini, Kezia, mke wa Nalianya, alimshika Muasya mikono yote miwili.

"Shemeji, wewe ndiye uliyemshusha. Mungu akubariki. Jumatatu naenda ofisi ya leba kudai fidia. Uje useme tu alikuwa kazini kwa Mbuthia."

"Wakiuliza nani alirudisha stima?"

"Hata mume wangu hajui. Kwani wewe ulimwona?"

Muasya akatazama viatu vyake. "Sikuona."

"Basi utasema ulichoona."

Kezia akammenyea chungwa la mgonjwa. Muasya akalila lote, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mdomo wake.

Jumatatu likizo ilikuwa imekwisha. Muasya aliichana ile barua, akavaa ovaroli ya kampuni akaenda kazini. Kezia alikaa kwenye benchi la leba mpaka ofisi ikafungwa.

Jioni hodi ilipigwa kule Jericho. Mkewe akafungua, na Muasya akaitambua sauti ya Kezia.

"Mama Nthenya, baba Nthenya yuko salama? Sikumwona leo, nikasema lazima ameugua."

Mkewe akageuka kumtazama. Muasya alikuwa tayari kitandani, na ovaroli mwilini, akijivutia blanketi kichwani. Akakohoa.