Maini ya Mbuzi

Nilikuwa bado msichana mdogo pale mtaani kwetu Gatsata nilipoambiwa kwamba mwanamke akila nyama ya mbuzi ataota ndevu. Niliamini. Nyumbani kwetu wote waliamini, au walijifanya kuamini, maana imani hiyo iliwafaa wale waliokuwa wakila.

Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Akipanda mlima kutoka barabarani alisimama kila baada ya nyumba chache, mkono kifuani, midomo imepauka. Nilimwona akibandua udongo ukutani na kuutafuna kwa siri. Nesi wa kituo cha afya alimvuta ngozi ya chini ya jicho, akatikisa kichwa.

"Mama, damu yako imepungua sana. Umeze hivi vidonge, na ule nyama, hasa maini."

Vidonge vilimtapisha. Yakabaki maini.

Jumapili moja Baba alichinja mbuzi kwa ajili ya wageni wake. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amekuja kumsaidia Mama kazi, na ndiye aliyekaanga maini. Mama alinyoosha mkono kuchukua kipande. Shangazi akaivuta sahani.

"Wifi, unataka ndevu? Na mtoto je, azaliwe na manyoya?"

"Nesi ameniambia nile."

"Nesi ana mambo yake. Sisi tuna yetu."

Mama akamtazama Baba. Baba alikuwa anatafuna.

"Msikilize dada," alisema. "Maharage yapo."

Wageni wakacheka. Mama akarudisha mkono mapajani.

Alijifungua hospitalini, mtoto wa kike, mzima. Kisha damu ikaanza kumtoka. Daktari alimweleza Baba kwamba haikuwa nyingi kupita kiasi. Mwenye damu ya kutosha angeivumilia. Mama hakuwa nayo. Walimwongezea, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuchoka. Msibani Shangazi alisema ni mapenzi ya Mungu, na watu wakaitikia.

Sasa mimi ni mtu mzima, na bado naambiwa nisamehe, ati hawakujua. Hawakujua nini? Mama aliwaambia kwa mdomo wake, mbele ya watu, na wakamcheka. Mungu wasimsingizie.

Juzi mdogo wangu aliuliza, Baba akiwepo, Mama alikufa kutokana na nini.

"Uzazi," Baba akajibu haraka.

"Njaa," nikasema. "Na chakula kilikuwepo."

Baba aliinuka akatoka nje. Sikumfuata.