Koor Nyuma ya Lori

Kok. Kok-kok. Kok. Ndivyo ilivyokuwa ikilia koor ya ngamia wa shangazi yangu, kengele ya mbao yenye ndimi mbili za mbao, zikigongana taratibu kwa mwendo wa mnyama. Hadi leo naisikia.

Miaka ile ya vita vya shifta nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, na Kiswahili changu kilitosha kuwafasiria askari pale soko la mifugo la Garissa. Nilijiona nina kipaji. Nikikaa sokoni nilikisia kila mtu ataipokeaje sauti kabla haijamfika. Jenereta ya ofisini ikinguruma, karani wa kutoka bara atatulia kama yuko kwao, wachungaji watakunja uso. Adhana ikianza, hata wanaogombania bei watashusha sauti. Mara nyingi nilipatia, nikacheka peke yangu. Niliota kwamba siku moja nitaitwa mji mkubwa, niulizwe gereji ikae wapi na soko likae wapi, watu wasichoshwe masikio.

Asubuhi moja askari waliswaga hapo sokoni ngamia waliokamatwa malishoni, wakidai maziwa yao yananyweshwa shifta, waasi wa msituni. Shangazi alikuja kumwombea wake mmoja, ndiye aliyekuwa akiwalisha watoto wake watatu tangu mumewe afe. Nilimwita eddo, yaani shangazi kwa lugha yetu, naye, kama ilivyo kwetu, aliniita eddo vilevile.

Sajini alisema chapa zote zinafanana, ni za ukoo mmoja, sasa yeye atajuaje yupi ni wa nani? Nami, kwa furaha tu ya kusaidia, nikamwambia, "Afande, hawa akina mama wanazijua koor zao. Hata soko likijaa, wanazisikia."

Sajini alicheka. Akaamuru koor zote zifunguliwe shingoni, zirundikwe nyuma ya lori, na wanawake wasimame wakiwa wameligeuzia mgongo. Askari atatikisa moja moja. Anayeijua yake ainue mkono. Akikosea ni mwongo, na ngamia wake hamwoni tena. Kisha akamwambia dereva awashe injini.

Nilikisia upesi, kama kawaida yangu, kwamba watashindwa. Koor hupata sauti yake kwa hatua za ngamia. Mkononi mwa askari ilipiga kelele kama debe, tena lori likiunguruma. Nilimwomba sajini azime injini.

"Si wewe ulisema hata soko likijaa?"

Wanawake wawili wa kwanza walikosea. Kila mmoja alipofumba macho kusikiliza, askari mmoja alimlilia sikioni kama ndama wa ngamia, wenzake wakashika mbavu kwa kicheko. Zamu ya shangazi ikafika. Niliiona koor yake ikitikiswa, nyeusi kwa samli, na ufa mdomoni. Nilipofungua kinywa, sajini alinilazia fimbo yake begani. Shangazi hakuinua mkono. Zilipokwisha kutikiswa mbili nyingine, akauinua.

"Mwongo," alisema sajini. "Mfasirie."

Nilimfasiria. Shangazi aligeuka, wala hakumtazama sajini kabisa. Alinitazama mimi.

"Eddo," aliniambia polepole, "nani alimwambia tunazijua?"

Nadhani alikwisha kujua. Ngamia aliyekuwa amemwonyesha alipokuja kumwombea alipigwa risasi palepale, mbele yake. Kwa kuwa hakuchinjwa, hata nyama yake hatukuweza kuila, na askari waliijua sheria yetu hiyo vizuri sana. Mmoja wao, akicheka, alimkaribisha shangazi aile.

Kesho yake, mama akiwa bado kwenye mswala, nilimkamua mbuzi wetu mmoja aliyekuwa na maziwa. Hayakufika nusu ya kibuyu. Nilikwenda nayo hadi kwa shangazi, watoto walikuwa wakilia ndani. Nikakiweka kibuyu mlangoni, nikakifunika kwa shuka yangu kuzuia nzi, nikaondoka kabla hajatoka.