Kanisa Liliponyamaza Siku ya Ijumaa

Peris, karani wa kanisa letu hapa Kitale, atakufanyia wema wowote ilmradi usimwambie aingie nyumbani kwako. Alizaliwa Bokoli, kwenye boma ambalo wageni hawakuisha, na nadhani huko ndiko hamu ya wageni ilikomwishia. Ukimkuta ofisini atakuandikia barua ya ubatizo kabla hujamaliza kutaja jina la babako. Mwambie twende tukamwone mgonjwa, utasikia ana kikohozi.

Kwa hiyo ile programu ya kompyuta ilipoletwa kutoka ofisi kuu ya Bungoma, Peris aliipenda mno. Ilijua majina yetu sote, siku zetu za kuzaliwa na matanga yetu. Kila Ijumaa ilimtumia kila mshirika ujumbe kwenye simu: kanisa linakukumbuka wiki hii. Ujumbe ulianza na jina lako, ukafikiri mchungaji amekaa chini akakuandikia wewe peke yako. Kumbe maneno yale aliyatunga Peris asubuhi moja, akayaingiza humo, na mashine ikaendelea nayo miaka yote. Hatukujua. Hata mimi ninayeimba kwaya safu ya mbele nilikuwa namjibu mchungaji kimoyomoyo.

Halafu kampuni iliyoitengeneza ikatangaza kwamba inaifunga. Walisema haiwaletei faida tena, kila kanisa lijitafutie njia. Bungoma wakatuambia tungoje nyingine. Wazee wetu wa kanisa wakakutana, wakaulizana kama washirika waambiwe, wakaona hakuna haja, kwani nani husoma jumbe zile. Uamuzi huo nusura utuvunjie kanisa.

Maana sisi tuna desturi yetu. Mtu akikosea akawekwa chini ya nidhamu, huketi benchi la mwisho karibu na mlango, hapewi mkono baada ya ibada, na kanisa humnyamazia mpaka atakaporudishwa. Hatangazwi. Anajua tu kwamba amenyamaziwa. Sasa Ijumaa ikapita kimya, ikapita nyingine, na kila mtu akaitazama simu yake akaanza kujichunguza. Na mtu akijichunguza, hakosi kitu.

Jumapili hiyo benchi la nyuma likajaa. Nyaruai, ambaye huuza maziwa, ndiye aliyetangulia kuketi, kitambaa chake cha chama cha akina mama amekikunja mkononi. Derrick aliliegemeza gitaa ukutani, akamfuata. Mchungaji Kimotho alipopanda mimbarini alikuta mbele kuna mapengo, na kule nyuma watu wamebanana kama wanaongoja daktari. Akamwuliza Nyaruai kulikoni.

"Si kanisa limeninyamazia?" Nyaruai akasema bila kuinua uso. "Nikajua ni ile maneno ya maji kwa maziwa. Ni kweli, pastor, nilikuwa naongeza. Lakini kidogo."

Nilicheka mpaka nikaona haya. Mchungaji akaeleza habari ya kompyuta mbele ya wote, watu wakashusha pumzi, na wengine wakarudi mbele wakijuta kwamba wamesema mengi kuliko walivyoulizwa. Kisha hao hao wa benchi la nyuma wakasema hawataki tena kungoja mashine. Kila mmoja alichukua majina ya majirani zake, awe anawapigia simu au kuwapitia nyumbani. Nasikia Bungoma nako wanafanya hivyo, ingawa wao hudai ndio walioanza.

Peris peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama pale dirishani, mahali pa Mzee Eliakim, na hapakuwa na mtu. Mzee huyu analima huko Endebess, na tangu afiwe na mkewe, Rosaline, anaishi peke yake. Hakuja hata kuketi nyuma. Simu yake haikupatikana. Habari zilizotufikia ni kwamba amesema kanisa limemalizana naye, na Biblia yake amempa jirani.

Peris alilia pale ofisini. Aliniambia maneno yale yalikuwa yake, na sasa mtu mzima amejihukumu kwa sababu kompyuta imezimwa. Nikamwambia basi aende akamweleze. Akaanza kukohoa. Nikamtazama tu. Jumanne tukaenda wote wawili.

Tulimkuta mzee akipukuchua mahindi kwenye turubai. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti na chai, lakini hakuuliza habari za kanisa, na mtu wa kwetu akikosa kukuuliza hilo ujue moyoni amekwisha kuondoka. Peris alikishika kikombe kwa mikono miwili. Nilidhani atashindwa. Kisha akayasema yote kwa pumzi moja, kampuni, programu na zile Ijumaa. Akasema mchungaji hakuwa anaandika, ilikuwa mashine, na maneno mashine ilipewa na yeye.

Niliogopa. Kumwambia mtu mpweke kwamba aliyekuwa akimkumbuka ni kompyuta niliona ni ukatili, na nilitamani tungebaki Kitale.

Mzee Eliakim aliliweka gunzi chini. Halafu akatueleza kwamba tangu amzike Rosaline alishindwa kuomba. Alikuwa amemkasirikia Mungu, akamwambia hivyo, na hakuwa na la kuongeza. Ila ujumbe ule ukiingia, aliona si adabu mtu akukumbuke nawe usimkumbuke, kwa hiyo akawa anamwombea aliyeandika. Ndilo ombi pekee lililombakia. Jumbe zilipokoma, nalo likakoma, akajua Mungu naye amechoka naye.

"Mimi nilikuwa nasema, Mungu, huyu mwenye anaandika, mwangalie, mpatie afya," akasema. "Sasa kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

Akamtazama sana. "Na umekuwa namna gani?"

Nilijua Peris atajibu salama, kama anavyotujibu sote. Hakujibu hivyo. Alisema mwaka jana alipasuliwa kutolewa uvimbe tumboni, na daktari mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Hakumwambia mtu. Sisi tulidhani yuko likizo Bokoli. Katika programu ile alikuwa ameingiza majina ya washirika wote, lake akaliacha, kwa hiyo hakuna Ijumaa hata moja aliyoandikiwa yeye. Alilala hospitalini akiamini kwamba hakuna mtu duniani anayemwombea. Na akapona.

Machozi yalinitoka. Huyu ni mtu ninayemsalimu kila Jumapili, na sikuwahi kungoja jibu lake.

Mzee akafuta mikono kwenye suruali, akamwongezea chai.

"Basi maombi yangu ilikuwa inafika," akasema.

Kisha akavua kofia, nasi tukainamisha vichwa. Alianza na Peris, kwa sauti ya mtu aliyezoea kumtaja. Halafu akanyamaza, kirefu kiasi kwamba nilidhani amemaliza, na polepole akaanza kujiombea mwenyewe.