Chuchu ya Nne Ilikuwa ya Ndama

Mdomo wa ndama mchanga una harufu yake: maziwa yaliyoanza kuchacha, mate, na joto la tumboni. Kila asubuhi hapa kwangu, nje kidogo ya Awendo, nachovya vidole kwenye ndoo ili ndama avinyonye mpaka ajifunze kunywa mwenyewe, na harufu hiyo hunipanda puani. Hapo nakuwa mtoto tena, nimeshika kamba nyuma ya nyumba ya mama, nikivutwa huku na huku na mnyama aliyenizidi nguvu.

Ng'ombe wetu baba alimtoa soko la Ogwedhi. Alikuwa wa gredi, chotara wa ng'ombe wa kizungu, mweusi mwenye mabaka meupe, tena mzee. Ndiyo maana alituangukia sisi. Meno yalikuwa yameisha na kila mtu alijua hatazaa tena baada ya mimba ile aliyokuja nayo. Ndama alipotoka jike, baba alicheka peke yake siku nzima. Huyo ndiye angetupa maziwa mama yake akikauka. Mwingine hatukuwa naye.

Kukamua kulikuwa na desturi yake. Mama alikamua chuchu tatu, ya nne akaiacha. Ilikuwa ya ndama, na hakuna aliyeuliza kwa nini, kama vile hakuna anayeuliza kwa nini mgeni hupewa kiti. Kazi yangu ilikuwa kumzuia ndama kwa kamba mpaka mama aseme "haya", kisha nimwachilie, naye aliruka na kugonga kiwele kwa kichwa, mkia ukicheza. Nilipenda kumtazama kuliko kitu chochote pale nyumbani, ndugu yangu mdogo akiwemo.

Ndugu yangu huyo, Ochieng', alikuwa ndio kwanza anaanza kusimama alipougua surua. Ugonjwa ulipomwachia, uliondoka na hamu yake ya kula. Uji aliutema, ugali hata hakuutazama, na titi la mama lilikuwa limekauka. Maziwa ya ng'ombe tu ndiyo yaliyopita kooni, kidogo kidogo, kwa kijiko. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu, ila kwangu mtoto anayekunywa maziwa halikuwa jambo la kufikiria.

Asubuhi moja mama alimaliza chuchu tatu, akahamia ya nne.

"Mama! Hiyo ni ya ndama!"

"Auma, shika kamba."

Aliikamua mpaka ikalegea. Nilipomwachilia ndama, alinyonya, akagonga, akanyonya tena, kisha akanigeukia na kuanza kunyonya sketi yangu. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Nilimchukia mama, na nilimwambia ndama hivyo sikioni.

Ndama aliachishwa kabla ya wakati wake, maana hapakuwa na cha kunyonya. Baba aliendesha trekta la miwa na alikuja nyumbani Jumapili tu. Hakuwa na wasiwasi. "Nyasi itamrudisha," alisema, na wanaume waliokuja kumsalimu wakakubali. Walichojua ni ng'ombe wa kienyeji, wale wafupi wenye nundu: kiangazi anakonda mpaka mbavu zinaonekana, mvua ikinyesha anasahau yote. Huyu wa gredi walimdhani ni yuleyule, ila amevaa koti jingine.

Mvua ilikuja. Tulimkatia nyasi ya napia, tukamletea majani ya miwa, tukampa na chumvi. Alikula kwa bidii ya kutia huruma. Tumbo likatoka, mgongo ukabaki palepale, na manyoya yakasimama kama ya paka aliyenyeshewa. Jirani yetu, Min Risper, yaani mama yake Risper, alikuwa na ndama wa rika moja naye, wa gredi vilevile, aliyenyonyeshwa mpaka watu wakasema anadekezwa. Huyo alipanda juu tukimwona. Walipokutana mtoni, wetu alikuwa karibu apite chini ya tumbo la mwenzake.

"Min Auma," Min Risper akamwuliza mama mbele ya wanawake wote, "hii yako ni ng'ombe ama ni mbuzi? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Wanawake walicheka. Mama naye alicheka, akamweka Ochieng' vizuri mgongoni, akajitwika ndoo yake.

Baba hakucheka. Jumapili moja alimtazama ndama kwa muda mrefu, kisha akapandisha sauti. "Ulikuwa unapeleka maziwa wapi? Hii ingekuwa ng'ombe!" Mama alichochea moto. Ng'ombe mzee alikauka mwaka huohuo. Tulikunywa turungi, chai isiyo na maziwa, kwa muda mrefu, na yule mdogo alipozaa hatimaye, maziwa yake hayakutosha hata sufuria ya chai.

Nilikuja kufuga mwenyewe ukubwani, nikafundishwa kwamba mwili wa ndama hujengwa na maziwa ya mwanzo, na ukiyapunguza, nyasi ya baadaye haiwezi kurudisha kila kitu. Nilimpelekea mama somo langu, nikimtania. "Mama, kumbe ni ile chuchu ya nne!"

Alikuwa anachambua mboga. "Nilijua," akasema. "Nani hajui?"

"Mbona hukumwambia baba?"

"Nimwambie nini? Ati mtoto anaenda? Hiyo maneno haisemwi mtoto akiwa bado anapumua. Ukiisema, unaiita. Niliona tumbo ni mbili na maziwa ni ya moja."

Hapo ndipo nilipoelewa kicheko chake cha mtoni, na nikaona haya kwa niliyomnong'oneza ndama.

Mlango ukaingia giza. Ochieng' alikuwa anaingia, ameinama, maana mlango wa mama uliacha kumtosha kabla hajamaliza shule. Akauliza kama chai iko. Mama alimtazama kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, namna watu wanavyomtazama ng'ombe sokoni.

"Iko," akasema. "Ya maziwa."