Nili Aliyoiua Mama Orpa

Kwetu Molo, milimani Timor, hakuna aliyejua kutubu kama Mama Orpa Nabuasa. Kila ilipokaribia Meza ya Bwana, watu walipoketi kwenye naketi, kikao chetu cha kuungamiana dhambi ana kwa ana, yeye mzee wa kanisa ndiye aliyefungua. Alijiita mavumbi, akajiita mkosaji kuliko wote, na machozi hayakukosa kumtoka hata mara moja. Tulimsifu jamani! Ila dhambi yenyewe hakuwahi kuitaja.

Na alikuwa nayo. Miaka tisa nyuma nili yake, rangi ya buluu ya kutia nyuzi, iliharibika chunguni, uzi wa vazi la harusi ukatoka na rangi ya tope. Kwa wafumaji wetu nili haifi hivi hivi, huuliwa na mtu mwenye roho chafu aliyepita karibu. Wanawake wakauliza nani alipita. Orpa akamtaja wifi yake, Yakoba, aliyekuja kuomba moto. Kumbe alijua fika kwamba alitia humo chokaa kuukuu iliyonyeshewa, kwa uvivu wa kuchoma mpya. Yakoba akafukuzwa kwenye kibanda cha kutia rangi, na kwa kuchoka kutazamwa vibaya, hata Meza ya Bwana akaiacha.

Mwaka huu binti wa Yakoba, Dorsila, alikwenda kibandani kujifunza kutia rangi. Akarudishwa mlangoni, eti mtoto wa nyoka ni nyoka. Orpa alikuwepo akanyamaza. Siku tatu chakula kikamshinda.

Jumamosi ya naketi alianza maneno yake mazuri, akakwama katikati. Akachukua kikapu cha tambuu na popoo, ambacho kwetu hakuna aombaye radhi bila hicho, akatoka. Wengine walidhani amezidiwa na Roho, wakamfuata.

Yakoba alikuwa uani kwake akitwanga mahindi. Orpa akapiga magoti vumbini, akainua kikapu kwa mikono miwili.

“Wifi, ile nili niliiua mimi. Chokaa yangu ilikuwa mbovu. Niliona aibu, nikakusingizia.”

Yakoba hakuacha kutwanga.

“Sema tena. Wale wa kule nyuma hawajasikia.”

Akasema tena. Akaambiwa aongeze sauti, akaongeza, mpaka mara ya nne sauti ilipokauka na hapakubaki neno zuri hata moja, ukweli mtupu. Ndipo Yakoba alipoweka mchi chini, akaokota popoo moja, akaitafuna polepole huku akilia.

“Mfumaji mzima, chokaa ya mvua! Na bado unajiita fundi, wifi?”

Orpa akacheka na kulia kwa pamoja. Wanawake wa kibandani, waliosikia yote, wakamshika Dorsila mkono wakaenda naye kibandani.

Jumapili Orpa aliomba asibebe kikombe, akakaa benchi la mwisho mlangoni. Yakoba akapita katikati ya kanisa kichwa juu, baada ya miaka tisa, akasimama mbele ya Meza. Mchungaji alipomnyooshea mkate, hakuupokea.

“Subiri kidogo, Baba Mchungaji. Wifi yangu bado yuko nyuma.”

Kanisa zima likageuka. Orpa akainuka akaja miguu pekupeku, na kabla hajafika mbele watu walikuwa wameshaanza kuimba, hata wale wasiojua kuimba.