Nilidhani ni utani: ugomvi wa moto wa Marekani ndani ya van yangu Doha

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio kwenye joto la nchi za watu.

Ninachoandika hapa nilikiona kwa macho yangu nikiwa nimeshika usukani. Majina nimebadili na shule siitaji, ila chumvi sijatia hata punje. Atakayesema hii ni chai, karibu, vikombe vipo.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Doha nilikaa miaka minane, na mingi ya hiyo niliendesha van ya shule moja ya kimataifa. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuchukua wafanyakazi kwenye compound moja Al Thumama na kuwapeleka shuleni, njia ya kwenda Lusail.

Njia siku njema ni nusu saa. Wakati ule barabara zote zilikuwa zinachimbwa kwa ajili ya Kombe la Dunia, kwa hiyo siku njema zilikuwa chache.

Abiria wangu walikuwa watatu.

Mbele kando yangu alikaa Sister Akinyi, nesi wa shule, Mkenya wa Kisumu. Nyuma walikaa Wamarekani wawili. Mister Dale, mwalimu wa hesabu, jitu la miraba minne. Na Madam Carol wa maktaba, mwembamba, ulimi kama wembe.

Wote wawili walitoka jimbo moja, California. Dale ni mtoto wa wakulima wa lozi. Carol kakulia milimani, kwenye misitu ya misonobari.

Sasa hawa walibishana siasa kila asubuhi iendayo kwa Mungu. Dale alimpenda rais wao wa wakati ule. Carol akisikia jina la huyo rais anashika kichwa kama ana kipandauso.

Dale atasema Carol na wenzake wanataka serikali iwafunge hadi kamba za viatu. Carol atajibu kwamba Dale anaichukia serikali lakini barabara ya kwao ilijengwa na nani, baba yake? Mimi na Akinyi tunacheka mpaka tunafika.

Wakishuka, Dale anambebea Carol mkoba wa vitabu. Kila siku. Ijumaa wanakula pamoja.

Nikahitimisha mwenyewe, bila kumuuliza mtu: hawa ni watani.

Kwa vijana mliozaliwa mjini niwaambie kidogo. Sisi Wanyamwezi tuna watani wetu Wazaramo. Mtani anakutukana mchana kweupe, anakunyang'anya kofia, na ukinuna unaonekana mshamba. Hakuna kisichochekewa. Hata msibani mtani anachekesha.

Basi nikawaona Dale na Carol kwa miwani hiyo. Miaka miwili sikuwahi kuwa na shaka.

Halafu ukaja moto.

Ilikuwa Novemba, hali ya hewa ya Doha imeanza kuwa ya kibinadamu. TV ya kwenye kibanda cha mlinzi wa compound ilikuwa inaonyesha California inaungua, misitu na nyumba, magari yamekwama barabarani katikati ya cheche. Niliangalia dakika moja, nikasema Mungu awasaidie, nikaenda kupasha gari moto.

Carol akaingia kwenye van bila salamu, simu mkononi. Nikadhani kaamka vibaya.

Dale akaingia na habari za gazeti kichwani. Rais wao alikuwa ametoka kuandika mtandaoni kwamba jimbo lile halitunzi misitu yake, na kwamba fedha za serikali kuu zinaweza kukatwa. Dale akaanza pale pale.

(Walikuwa wanaongea Kiingereza, nawatafsiria.)

"Carol, mwaka mzima jimbo letu linaimba nyimbo za kupenda miti, kufagia majani makavu limeshindwa. Likiungua linakinga mkono Washington. Mtu akijenga ndani ya kiberiti, asiwatumie wengine bili."

Nikacheka, wakuu. Nilicheka kwa sauti.

Na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki kama za gari langu, nikaongeza la kwangu: "Mister Dale, tuwatumie mafagio basi!"

Kwenye kioo nikamwona Carol. Hakuwa na hasira. Alikuwa anapiga namba ile ile, anakata, anapiga tena.

"Mama yangu yuko huko," alisema. "Mji wote umeungua. Simu yake haipatikani tangu jana."

Pale ndipo Dale angesema neno moja tu la pole, na uzi huu usingekuwepo.

Hakusema. Nadhani alishtuka, na mwanaume akishtuka hushika kile alichokuwa ameshika. Akasema yeye hamzungumzii mama wa mtu, anazungumzia sera, anazungumzia serikali. Carol akamjibu kwamba serikali ni nani kama si mama yake aliyelipa kodi miaka hamsini? Sauti zikapanda. Akasema anataka kushuka.

Nikaingia kituo cha mafuta. Carol akashuka, Akinyi akamfuata, wakachukua taksi. Dale akabaki nyuma peke yake, anaangalia dirisha ambalo halikuwa na cha kuangalia.

Mchana Akinyi alinikuta parking. Yule dada ni mpole, lakini siku ile alinipa dozi kamili.

"Rama, zii. Hiyo haikuwa poa. Mathe yake hajulikani ako wapi, na wewe unacheka kwa steering?"

"Dada, mimi nilijua ni watani."

"Watani wa wapi? Hao ni wazungu, Rama!"

Nikamuuliza angalau anieleweshe hiyo fedha ya serikali kuu ni nini, maana Tanzania maafa yakitokea mkuu wa wilaya anakuja, waziri anakuja, wote ni serikali ile ile.

"Ni kama sisi na counties," akasema. "Mafuriko yakikuja, governor anasema pesa itoke Nairobi. Nairobi inasema governor alikula ile ya kwanza. Wanarushiana maneno kwa TV, na mwananchi ako juu ya mabati anangoja boti."

Nikaelewa. Na aibu ikaongezeka.

Kwetu huendi kuomba radhi peke yako wala mikono mitupu. Baada ya swala ya alasiri nilinunua karak, ile chai yao ya maziwa, nikajaza thermos, nikamwomba Akinyi anisindikize kwa Carol. Alifungua mlango macho yamevimba.

Nikamwambia, "Madam, nilicheka. Sikujua. Pole sana, na nisamehe."

Mkono wake ukanishika bega, akatuingiza ndani.

Mama yake aliitwa Ruth. Miaka themanini kasoro, mjane, anaishi na mbwa mzee. Simu ya mkononi hataki, ana ile ya mezani tu. Carol alikuwa amepiga simu kambi zote za waathirika, jina halipo kwenye orodha yoyote. Ndege ya kwenda kule ni zaidi ya nusu siku, barabara zimefungwa, akifika aanzie wapi?

Akinyi akauliza kama hakuna mtu yeyote wa karibu na pale.

Carol akaweka kikombe chini. Kisha akasema mdogo wake Dale analima mwendo wa saa mbili kutoka pale, ana pick-up. "Lakini yule simwombi kitu. Siwezi."

Wakuu, hebu fikirieni. Mtu wa kumtafuta mama yupo, na kinachozuia ni maneno ya kwenye van. Maneno ambayo mimi niliyatilia kicheko.

Usiku ule usingizi ulinipita mbali.

Asubuhi niliwahi compound dakika ishirini kabla. Dale alikuwa tayari yuko nje, naye hakulala, ilionekana. Nikamwambia, "Mister Dale, panda mbele leo. Nina habari ya baba yangu."

Nikamhadithia mazishi ya mzee wangu, Tabora. Kulikuwa na mtani wetu mmoja wa Kizaramo. Siku ya msiba alivaa koti la marehemu, akawa anatembea kama marehemu na kukohoa kama marehemu. Watu wanacheka huku machozi yanatoka. Akazuia kaburi lisichimbwe mpaka apewe kuku.

Dale akatabasamu kidogo.

Nikamwambia, "Lakini ndiye aliyepiga jembe la kwanza. Na wageni walipoondoka alibaki kwetu wiki nzima, anachota maji, anapasua kuni, mama yangu asinyanyuke. Kwetu ukichukua haki ya kumcheka mtu, umechukua na zamu ya kumbeba. Mimi nilidhani wewe na Madam mko hivyo."

Nilikuwa naogopa, nisiwadanganye. Mimi dereva tu, na neno moja lake kwa bosi wa usafiri lingenirudisha Tabora. Lakini Dale aliinamisha kichwa, mikono yake mikubwa imekaa kwenye magoti.

"Sisi hatuna kitu kama hicho, Rama," akasema.

"Mdogo wako ana pick-up," nikamwambia.

Akaniangalia. Kule kwao ilikuwa jioni. Akatoa simu pale pale.

Nisubirini kidogo, kuna mteja ananipigia.

...

Nimerudi.

Basi mdogo wake Dale aliacha shamba akaondoka jioni ile ile. Siku mbili alizunguka kambi za waathirika, makanisa na viwanja vya maonyesho, anauliza bibi mwenye mbwa. Carol alirudi kwenye van, kwa sababu Dale ndiye aliyekuwa na habari. Walikaa viti vya mwisho, kila mtu dirisha lake. Dale alisoma kila ujumbe kwa sauti, na Carol alijibu "asante" tu.

Siku ya tatu tuko karibu na Al Sadd kwenye foleni, simu ya Dale ikalia. Akasikiliza. Akampa Carol simu.

Sauti aliyoitoa Carol siwezi kuiandika. Niliwasha taa za hazadi nikasimama pembeni, nyuma yangu Land Cruiser zinapiga honi, na mimi nalia tu. Akinyi analia. Bi Ruth alikutwa kwenye parking ya duka moja kubwa, analala ndani ya gari lake na mbwa, kwa sababu kambi zilikataa mbwa. Nyumba iliisha yote. Yeye mzima, isipokuwa kikohozi cha moshi.

Mngedhani hadithi imeisha. Hata mimi nilidhani.

Mdogo wake Dale alimwomba bibi waende shambani, akagoma, hataki kuwa mbali na mji wake. Serikali kuu ilikuwa imeshatangaza maafa, msaada ukawa upo: makazi ya muda, hela ya kuanzia. Ni kujaza fomu tu.

Bi Ruth akakataa.

Baridi ya milimani, mwanamke wa miaka themanini, yuko kwenye kiti cha gari na kikohozi, na anasema hapana. Carol alimbembeleza siku nne kwa simu ya mkononi ambayo mdogo wake Dale alimwachia bibi. Siku ya tano, asubuhi, ndani ya van, nilimsikia akisema, "Mama, tafadhali, utakufa humo." Kisha akainua macho, akamgeukia Dale.

"Zungumza naye wewe. Anasema maneno yako."

Kumbe Bi Ruth alikuwa upande wa Dale! Chama kile kile, rais yule yule. Carol alijua miaka yote na hakuwahi kusema. Simu ikawekwa sauti ya nje, tukasikia wote.

Bibi alisema yeye kajenga msituni kwa hiari yake, na mtu hapaswi kuwapelekea wengine bili ya uamuzi wake. Alisema hajawahi kukinga mkono Washington na hataanza leo.

Dale akasogelea simu, akajitambulisha.

"Wewe nawe unapiga kura upande gani?" bibi akamuuliza.

"Upande wako, mama."

"Basi unajua kwa nini nakataa."

Tulipita taa mbili za barabarani. Nilikuwa naendesha polepole makusudi. Kisha Dale akasema, sauti imekwaruza:

"Maneno hayo niliyasema nikiwa na kitanda, mama. Wewe huna."

Bibi akasikika anakohoa, kikohozi kirefu. Kilipoisha akauliza kwa sauti ndogo kama mbwa anaruhusiwa kwenye hayo makazi.

"Nitauliza," Dale akasema. "Na wakikataa nitawapigia kila siku mpaka wachoke."

Tulifika shuleni lakini hakuna aliyeshuka. Niliacha injini iwake. Dale aliweka laptop kwenye mapaja, Carol kashika simu, wanajaza fomu ya msaada wa serikali kuu, swali moja baada ya jingine, watoto wanapita nje na mabegi. Dale kila swali analaani: karatasi gani hizi, nani aliandika upuuzi huu? Bibi naye anamuunga mkono kutoka ng'ambo ya dunia. Na Carol, kwa mara ya kwanza tangu moto uanze, akacheka.

Fomu ilipokwisha, kengele ilikuwa imeshalia zamani. Dale alibaki amekaa. Akamwambia Carol, "Ningekwambia pole siku ile. Nilikuwa nayo mdomoni." Carol akamwambia, "Najua. Nipe sasa." Akampa.

Bi Ruth alipata makazi ya muda kabla ya Krismasi, na mbwa wake.

Msidhani Dale alibadilika. Uchaguzi uliofuata alipiga kura pale pale, na hoja ya nani alipaswa kufyeka ule msitu waliendelea nayo mpaka nikaondoka Doha. Kwenye hoja yenyewe, sijui nani ana haki. Pengine wote, kila mmoja kipande.

Nilichojifunza ni kidogo. Hoja ya msaada ni nyepesi sana ukiwa umeshiba na umelala. Na kucheka na mtu ni deni la mwili wako, siku yake ikifika utatakiwa uwepo.

Wakuu, uwanja ni wenu. Walioishi na Wamarekani wanikosoe, Wazaramo mje mnitukane kama kawaida yenu. Ila kama kuna ndugu au rafiki mmegombana kwa ajili ya siasa, kabla hujaandika comment mpigie kwanza. Muulize jana amelala wapi.

Akikujibu, rudi hapa tubishane.