Mpiga Chapa Aliyelijua Jua la Oslo

Wapiga chapa wa namna yake wamekwisha. Siku hizi watu hubonyeza tu, hata mlio hakuna. Huyu, aliyewapigia chapa wenzake, wanawake wa Kiyahudi kutoka Buenos Aires, kwenye mkutano wa wanawake wa dunia jijini Oslo, huvua viatu kabla ya kuigusa mashine, hulamba kidole kabla ya kila karatasi, na hucheka kabla mzaha haujafika mwisho. Perla, kiongozi wao, humwonea haya kidogo.

Walifika Alhamisi wakalala kama magogo. Ijumaa asubuhi Perla akaja uso umemshuka: zamu yao ya kuwasemea wake wanaonyimwa talaka imesogezwa mpaka saa mbili usiku. "Jua litakuwa limezama na Sabato imeshaingia, hatuwezi kushika kipaza sauti wala kitu chochote cha umeme. Wametuweza, dada." Mpiga chapa akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Perla wee, umebeba jua la nyumbani! Huku Julai jua huzama saa nne na nusu. Sabato gani inaingia juani?"

Jioni wakaingia ukumbini kumi na wawili, vicheko vimewabana mbavu. Zamu ilipofika Perla akarudi nyuma, mpiga chapa akakishika kipaza sauti yeye. "Mume wangu ameninyima hati ya talaka miaka kumi na tisa," akasema. "Hanitaki, wala haniachi." Alipoendelea kidogo, mwenyekiti akagonga meza: "Muda wako umekwisha, mama."

"Wangu?" akashangaa. "Wa mume wangu ndio uliokwisha!"

Ukumbi mzima ukasimama kwa vigelegele, na mwenyekiti akamwongezea dakika kumi.